Siku Niliyoandika "Hana"

Wanangu mnaoanza kazi za hospitali, nyinyi mnaokuta kompyuta mezani kama sisi tulivyokuta kalamu na wino, nimeombwa nikuelezeni habari za kazi yangu. Ningependa sana kuanza na sifa zangu, maana zipo, na kwa umri huu mtu akiambiwa ajisifu hahitaji kusukumwa. Lakini mkisikia sifa tupu mtasinzia. Basi naanza na mtoto mmoja wa Chwaka, wa miaka saba, ambaye nusura nimuue kwa neno moja la herufi nne. Neno hilo niliandika mwenyewe, nimekaa kitini, kikombe cha chai kiko pembeni. Niliandika "hana."

Nitafika huko. Kwanza mnijue.

Naitwa Raya, na kazini nilikuwa Bi Raya wa mafaili. Nimetunza kumbukumbu za wagonjwa miaka thelathini na ushei, hospitali moja tu, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Jina lake silitaji, kwa sababu waliobaki pale ni watu wangu na bado tunaalikana harusi. Sikuwa daktari wala muuguzi. Nilikuwa yule mwanamke wa dirishani anayekuuliza jina lako, la baba yako na la babu yako, halafu anakwambia ukae ungoje. Kama mmewahi kungoja sana, poleni, huenda nilikuwa mimi.

Chumba chetu cha mafaili kilikuwa na mashubaka ya mbao kutoka sakafuni mpaka darini, na ngazi moja iliyolegea ambayo kila mmoja wetu aliwahi kuanguka nayo. Kila mgonjwa alipewa kadi yenye namba, aje nayo kila akirudi. Maskini kadi zile! Wengine walizificha chini ya godoro kama hati ya shamba, wakasahau godoro lipi. Bibi mmoja wa Mtoni alikunja yake akazibia dumu la mafuta ya taa, na siku alipougua alikuja na dumu zima, akaliweka dirishani ili nisome namba. Nikaisoma. Shati langu la kazi lilinuka mafuta ya taa wiki nzima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Haji, Mtumbatu, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Yeye namba hakuzitegemea. Mgonjwa asiye na kadi akitaja jina, Mzee Haji alimuuliza anatoka wapi, ni mjukuu wa nani, na mara ya mwisho alikuja na nani. Halafu anakwenda moja kwa moja kwenye shubaka, anarudi na faili, analipiga vumbi kidogo, anakukabidhi kana kwamba alikuwa amelilalia.

Mimi wiki yangu ya kwanza niliyaona masuala yale ni umbea. Alikuja Juma Ali Juma, nikampa faili la Juma Ali Juma, nikaona nimemaliza. Kumbe wako wawili, mmoja anaumwa jino na mwengine ana ngiri. Yule wa jino akaingia kwa daktari, akaambiwa alale na afungue kikoi. Alirudi dirishani ameshika kikoi kwa mkono mmoja na shavu kwa mkono wa pili, akaniambia kwa upole mkubwa, "Bibi, mie nnaumwa juu."

Mzee Haji hakunigombeza. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanikalisha akanieleza kwamba katika kisiwa hiki majina ni machache kuliko watu, na kwamba karani anayeuliza jina peke yake ameuliza nusu. Akanipa masuala yake matatu: kijiji, ukoo, na aliyekuleta. Nami nikayashika.

Lakini lilikuwepo suala la nne, na hilo alinifundisha kwa sauti ya chini. Kwa mtoto, alisema, uliza pia kama jina hili ndilo alilozaliwa nalo.

Vijana wa mjini huenda hamlijui jambo hili, au mnalijua na mnaona haya kulisema. Kwetu mtoto akiuguaugua, wazee husema jina halimkubali, ni zito kwake. Basi linabadilishwa. Inasomwa dua, ubani unafukizwa, na mtoto aliyelala akiitwa hivi anaamka akiitwa vyengine. Kuanzia siku hiyo jina la zamani halitajwi tena, ili maradhi yakirudi kumtafuta yasimpate. Sasa kama nyumbani halitajwi, mnafikiri litatajwa dirishani kwangu, mbele ya foleni? Halitajwi ng'o, mpaka uulize, na uulize kwa adabu, karibu na sikio. Mzee Haji aliuliza kila mtoto. Kwenye jalada la faili aliandika jina jipya kwa kalamu ya wino, na la zamani kwa penseli, pembeni, kwa herufi ndogo, kwa kuheshimu mwiko wa watu.

Mzee Haji alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Na baada ya miaka mingi zikaja kompyuta.

Zilikuja ndani ya maboksi, na zilikuja na Nahya. Nahya alikuwa msichana aliyemaliza chuo kule Tunguu, mwembamba, mkoba umemzidi mwili, adabu nyingi. "Shikamoo, Bi Raya." "Marahaba, mwanangu." Baada ya hapo ukawa mwisho wa lugha ninayoifahamu. Kila kitu kwake kilikuwa mfumo. Mfumo utafanya hivi, mfumo hautaki vile. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimeletewa mke mwenza hospitalini, jina lake Mfumo, na anapendwa kuliko mimi.

Nilichekesha, lakini moyoni niliogopa. Niliogopa nitaambiwa niende nyumbani kabla ya wakati wangu. Kila nilichokijua kilikuwa kichwani, na sasa kuna sanduku linalosemekana lina kichwa kikubwa kuliko changu. Usiku usingizi ulikuwa wa vipande vipande, na asubuhi nikifika nalikuta limekaa pale mezani kwangu, limenyamaza.

Sista Bahati, muuguzi wa chumba cha sindano, ambaye wazee wake walikuja kutoka bara na yeye amezaliwa Unguja, alilionea huruma sanduku lile. Alishona kitambaa cheupe chenye maua, akalifunika, kama tulivyokuwa tukifunika redio zamani. Likapendeza. Tukawa tunalifunika hata linapofanya kazi, tunafunua kioo tu. Siku ya tatu Nahya akauliza kwa nini mashine inachemka kama birika, na ndipo tulipojua kwamba nayo inahitaji kupumua.

Kuandika kulinitesa. Niliandika kwa vidole viwili, na herufi wamezitawanya ovyo, anayejua kwa nini aniambie. Nahya alikuwa akinitazama anang'ata mdomo asicheke. Siku moja nikamwambia, "Cheka, mwanangu, si dhambi. Ila ukimaliza kucheka, ingia chumba cha mafaili uniletee faili la Juma Ali Juma wa Nungwi." Akaingia. Alikaa humo mpaka nikamsahau. Alitoka na vumbi kwenye kope na mafaili matatu, na yote matatu siyo. Tangu hapo tukaheshimiana. Yeye akanifundisha vitufe, mimi nikamfundisha watu.

Na watu walitupa kazi. Mashine ile ilikuwa haikubali mtu asiye na tarehe ya kuzaliwa. Sasa mwambie bibi wa miaka themanini akutajie tarehe. Mmoja wa Makunduchi aliniambia kwa fahari kwamba alizaliwa siku ya Mwaka Kogwa, sherehe kubwa ya kwao, watu wako uwanjani wanapigana kwa migomba, mama yake hakuona hata kibanda kikichomwa. Siku anaijua. Mwaka ndio haujui. Ikabidi wote wa aina yake tuwaandike tarehe mosi Januari, na ndiyo maana mpaka leo, ukifungua mashine za hospitali yetu siku ya mwaka mpya, nusu ya wazee wa Unguja wanatimiza umri siku moja.

Umeme nao. Ulipokatika wagonjwa waliambiana, "Mfumo leo hauwezi, umelala." Nikawa naweka daftari kubwa chini ya meza, naandika kwa mkono, umeme ukirudi nahamisha. Nahya mwanzo hakulipenda daftari lile, aliliona ni kumsema. Mwaka wa pili akaninunulia jengine jipya, na kalamu mbili. Nanyi wekeni daftari. Msione haya.

Sitaki mnielewe vibaya. Mimi si yule mzee anayekwambieni zamani ndiyo ilikuwa nzuri. Zamani daktari wa ghorofani alingoja faili lipandishwe kwa mguu, na mguu wenyewe ulipitia kwa muuza kahawa. Palikuwa na mgonjwa mmoja wa sukari wa Bububu, faili lake lilipotea mara tatu, na mara zote tatu maskini alieleza ugonjwa wake upya toka mwanzo, kama mtu anayesimulia hadithi kwa wajukuu. Mashine haikumpoteza hata mara moja. Alinishukuru mimi, na mimi nikapokea shukurani.

Basi nikaanza kuipenda. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ile karatasi ya kwenye kioo, ya kumwandikisha mgonjwa mpya, ilikuwa na visanduku vya kujaza. Kimoja kilikuwa na nyota nyekundu, kimeandikwa "Mzio wa dawa," maana yake kuna dawa gani inayomdhuru mtu huyu. Kazi ya kuuliza hilo ingekuwa ya muuguzi au daktari, lakini siku zile za mwanzo tulijaza kila kitu dirishani ili mambo yaende haraka. Na kisanduku chenye nyota huwezi kukiruka. Ukikiacha kitupu mashine inakataa kwenda mbele, inakuonyesha nyota yake tu.

Kwenye faili la karatasi, mahali patupu palikuwa na maana yake. Palimwambia daktari kwamba hatujauliza, uliza wewe. Kwenye mashine utupu haukuruhusiwa, na palikuwa hapana pa kuandika "sijui." Tukaandika "Hana." Wiki ya kwanza nilimuuliza kila mtu kabla ya kuandika. Wiki ya pili niliwauliza wale wenye uso wa kujibu. Mwezi wa pili vidole vyangu viwili viliandika vyenyewe, h, a, n, a, macho yangu yashakwenda kwa anayefuata. Foleni ikafupika. Mkubwa wetu wa kazi akanisifu mbele ya wenzangu, eti Bi Raya na umri wake ndiye mwepesi kuliko wote. Nilivimba kichwa, nisikufichieni. Nilinunua buibui jipya.

Asubuhi hiyo foleni ilifika nje kwenye ngazi. Akaja Bi Mwanakheri, mkulima wa mwani wa Chwaka, mikono imepauka kwa chumvi, amemshika mjukuu wake anayechechemea. Mtoto alikuwa amekanyaga kigingi cha shamba la mwani, mguu umevimba na umeanza kutunga usaha. Mama yake mtoto yuko Maskati anafanya kazi, baba alishaondoka nyumbani, bibi ndiye kila kitu. Nikauliza jina. Mbarouk Khatib Vuai. Nikaandika, nikabonyeza, mashine ikajibu "Hakuna."

Zamani ningemvuta bibi karibu nikamuuliza suala la nne. Lakini mashine imesema hakuna, na mimi nikaisadiki. Nikamfungulia mtoto ukurasa mpya. Kijiji, Chwaka. Umri, saba. Kwenye kisanduku cha nyota nikaandika nilichokuwa nikiandika kila siku. Nikamwambia bibi apite kwa daktari, nikamwita mwengine.

Haikupita nusu saa. Daktari alishamwona mtoto, alishatazama kioo chake, akaandika sindano ya penisilini. Bibi na mtoto wakawa kwenye benchi nje ya chumba cha Sista Bahati, mita chache kutoka dirisha langu. Mtoto aliona muuguzi anatoka na trei, akajaribu kukimbia kwa mguu wake mmoja mzima. Bibi akamwita, kwa ukali, bila kufikiri.

"We Salum! Rudi hapa!"

Halafu akajiziba mdomo kwa kiganja. Akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyemwaga kitu. "Astaghfirullahi. Mbarouk, mwanangu, njoo."

Nilimsikia vizuri. Mkono wangu ulikuwa juu ya vitufe na ukabakia hapo hapo. Salum Khatib Vuai wa Chwaka. Jina lile nilishawahi kuliandika. Miezi michache nyuma, tulipokuwa tunahamisha mafaili ya zamani mchana baada ya wagonjwa kupungua, lilinipitia mikononi faili la mtoto wa Chwaka lenye maandishi ya wino mwekundu juu ya jalada. Sikukumbuka maandishi yalisema nini. Nilikumbuka wekundu wake tu, na wino mwekundu katika mafaili yetu haukutumika kwa mambo mazuri.

Nilitoka dirishani bila viatu, kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuvivua chini ya meza. Mtoto alishaingizwa. Sista Bahati alikuwa ameshika kichupa cha unga wa dawa, ameshatia maji, anakitikisa. Mtoto kalala kifudifudi, kaptura imeshushwa kidogo, analia kabla ya wakati.

"Sista, ngoja."

"Kuna nini, Bi Raya? Watu wamejaa."

"Usimpige hiyo. Ngoja nitazame kitu."

Sista Bahati si mtu wa kukatizwa kazi. Aliniambia kwamba yeye hakufanya pupa, amemuuliza bibi kama kuna dawa inayomdhuru mtoto, na bibi amejibu hakuna. Na kompyuta nayo imesema hana.

"Kompyuta haikusema," nikamwambia. "Nimesema mie."

Akaweka kichupa juu ya trei.

Nilirudi kwenye mashine, nikaandika Salum Khatib Vuai. Vidole vilikataa, niliandika Slum, nikafuta, nikaandika tena. Yakatoka majina mawili. Mmoja mzee wa Mkokotoni. Mwengine mtoto wa Chwaka, na chini ya jina lake, kwenye kisanduku cha nyota, maneno niliyoyanakili kutoka kwenye ule wino mwekundu: "Asipewe penisilini. Alivimba, alikosa pumzi, aliponea chupuchupu." Na pembeni mashine iliweka jina la karani aliyeandika. Raya. Nikafungua ule ukurasa mpya wa asubuhi. "Hana." Aliyeandika, Raya.

Wanangu, nimezaa, nimezika wazazi, nimeanguka na ile ngazi mara mbili. Sijawahi kuyaogopa maandishi yangu mwenyewe kama siku ile. Nilikaa kitako, nikaona haya mbele ya mashine.

Daktari akaitwa, akabadilisha dawa, akaandika nyengine isiyokuwa ya jamii ile. Sista Bahati alimwaga kile kichupa mwenyewe, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Kisha nikamkalisha Bi Mwanakheri kwenye chumba cha mafaili, tukiwa wawili, nikamuuliza polepole habari ya jina.

Hakutaka mwanzo. Halafu akanieleza. Mtoto alipokuwa mdogo mama yake alimleta hapa na homa, akapigwa sindano, akavimba uso na akakatika pumzi, watu wakamkimbiza huku na huku mpaka akarudi. Mama alimwambia bibi kwamba madaktari wameandika mambo. Lakini bibi alishajua, kwa maoni yake, ni nini. Jina la Salum lilikuwa la babu wa mtoto upande wa mama, mumewe yeye Bi Mwanakheri, na babu huyo naye alikufa kwa kukosa pumzi. Jina limemlemea mtoto. Wakalibadilisha wiki ile ile, na mtoto hakuugua tena. Ndiyo maana muuguzi alipomuuliza kama kuna kinachomdhuru, alijibu kwa moyo safi kwamba hakuna. Kilikuwepo, wakakiondoa.

Sisi tulimlinda mtoto kwa wino mwekundu, yeye alimlinda kwa kumbadilishia jina, na jina jipya likamficha mtoto asipatikane na maradhi wala na wino wetu. Hakuna aliyemtakia baya.

Nahya alipopata habari alikaa na mimi siku mbili, tukabadilisha ukurasa ule. Kwenye kisanduku cha nyota akatia jibu la tatu, mbali na jina la dawa na "Hana": "Haijulikani," na ukilichagua linamuwakia daktari rangi ya machungwa mpaka aulize mwenyewe. Kazi ya kujaza kisanduku kile ikaondolewa dirishani. Akatengeneza pia mahali pa jina la zamani, panapoonekana kwa daktari na muuguzi tu, pasipochapwa kwenye kadi wala kuitwa kwenye foleni. Aliniuliza mara tatu kama hivyo itatosha kwa mwiko wa watu. Nilimwambia Mzee Haji alitumia penseli, na hii ndiyo penseli yake. Nanyi mnaokuja mkikuta kisanduku kisichokubali "sijui," msikijaze. Mtafuteni aliyekitengeneza, mkae mlangoni kwake.

Lakini siku yenyewe, kabla ya hayo yote, nilikuwa bado nimekaa na Bi Mwanakheri na nilikuwa na neno la kumwambia. Ningeweza kulinyamazia. Mtoto yuko salama, foleni inangoja, na yeye hajui kusoma. Nafsi ilinishauri hivyo hivyo.

"Bi Mwanakheri," nikasema, "mle ndani iliandikwa kwamba mtoto hana dawa inayomdhuru. Nimeandika mie. Na sikukuuliza."

Mikono yake ilikuwa mapajani, anasugua chumvi kwenye ukucha mmoja. Nilijua ana haki ya kunitukana, na nilikuwa tayari.

"Wewe ulikuwa na pupa," akasema mwisho. "Nilikuona. Hukunitazama usoni."

"Ndiyo."

"Basi twende ukaandike tena. Mie sijui kusoma, lakini ntakaa nyuma yako mpaka umalize."

Akakaa kweli. Nilimletea kiti, mtoto akakaa mapajani mwake na mguu uliofungwa bendeji, na foleni nzima ikatutazama. Nikafuta "Hana." Nikaandika ilivyo. Akaniambia nimsomee, nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akamgeuza mtoto uso na kumwambia, "Bibi huyu atakusomea na wewe, na utayasema mpaka uyajue, kwa sababu mie ntakufa, na mama yako yuko mbali, na huyu bibi siku nyengine atakuwa na pupa."

Nikamsomea. Mtoto akasema nyuma yangu, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya tatu kwa sauti ya kusoma chuo cha Kurani: mie sipewi penisilini, mie sipewi penisilini. Watu kwenye foleni wakaanza kutabasamu. Mzee mmoja akamsahihisha matamshi. Bibi akanishika bega alipoinuka, akaaga, wakashuka ngazi.

Nilisimama dirishani kuwatazama, na niliendelea kumsikia mtoto akiimba maneno yale njia nzima mpaka getini. Pale getini alikuwa amekaa muuza njugu na kapu lake. Mtoto akasimama mbele yake na mguu wake mmoja, akamwambia kwa ukali, "Mie sipewi penisilini."

Muuza njugu akamtazama, akalitazama kapu, akamjibu kwamba yeye penisilini hauzi.